Maswali ya Wasomaji: Tone la Mafuta Ndani ya Seli ya Ini

Barua tulizopokea safari hii kuhusu ini ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mafuta yanayoonekana ndani ya seli za ini, yanakotoka, yanavyohifadhiwa na namna wataalamu wanavyoyachunguza. Tumechagua barua tano. Zile zilizokuwa ndefu tumezifupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Vitabu ninavyotumia huchora seli ya ini ikiwa na viduara vichache vilivyoandikwa "mafuta", kisha havisemi zaidi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini viduara hivyo visiungane vikawa kimoja, kama mafuta yanavyofanya yakielea juu ya maji. Nilikosa jibu.

JIBU: Usijilaumu, Mwalimu, kwa sababu wanabiolojia wenyewe kwa miaka mingi waliyatazama matone hayo kama vitabu vyako vinavyoyachora, yaani akiba iliyolala, isiyo na mpangilio wala kazi nyingine. Mtazamo huo ulianza kubadilika mwaka 1991, maabara ya Constantine Londos nchini Marekani ilipoeleza habari za protini inayokaa juu ya uso wa tone katika seli za tishu ya mafuta, ikaitwa perilipini. Kitu chenye protini zake maalumu juu ya uso wake hakiwezi kuwa mabaki tu, na tangu hapo tone la mafuta limehesabiwa kuwa kiungo kamili cha seli, sawa na mitokondria.

Kiini cha tone kimejaa trigliseridi, ambazo kila moja ni asidi 3 za mafuta zilizofungwa kwenye gliseroli, pamoja na kolesteroli iliyounganishwa na asidi ya mafuta. Kinachokizunguka ni utando wa fosfolipidi, lakini si utando wa kawaida. Viungo vingine vyote vya seli vyenye utando hufunikwa na tabaka 2 za fosfolipidi zilizopeana migongo, kwa kuwa ndani na nje yake kuna maji. Tone la mafuta lina tabaka 1 tu: vichwa vya fosfolipidi vinavyopenda maji vinatazama nje, na mikia inayokwepa maji imezama ndani ya mafuta. Tabaka hilo ndilo jibu la mwanafunzi wako. Likienea vizuri juu ya uso wote, matone 2 yanaweza kugusana na yasiungane. Likipungukiwa fosfolipidi, hasa ile iitwayo fosfatidilikolini, mafuta hubaki wazi mahali fulani na matone huanza kumezana. Zipo pia protini, kama zile za jamii ya CIDE, ambazo kazi yake ni kupitisha mafuta kutoka tone dogo kwenda tone kubwa, kwa hiyo kuungana kwenyewe mara nyingine ni kwa mpango wa seli.

Kuzaliwa kwa tone kunapendeza zaidi, na ningependa vitabu vya shule vipate nafasi ya kulieleza jambo hilo. Trigliseridi hutengenezwa katika utando wa retikulamu ya endoplasmu (mtandao wa utando uliomo ndani ya seli), na hatua ya mwisho hukamilishwa na vimeng'enya 2 vinavyoitwa DGAT1 na DGAT2. Mafuta yaliyotengenezwa hayana pa kwenda, kwa sababu pande zote mbili za utando kuna maji, basi hukusanyika katikati ya tabaka zake 2 na kuufanya utando uvimbe mfano wa dengu. Uvimbe huo hukua kuelekea upande wa saitoplazimu hadi unakuwa tone, likiwa limejifunika tabaka la nje la utando ule ule. Hapo ndipo tabaka 1 linapotoka. Protini iitwayo seipini hukaa kwenye shingo ya uvimbe huo na kulisaidia tone likue kwa utaratibu. Watu wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya seipini karibu hawana tishu ya mafuta mwilini, na maini yao hujaa mafuta. Jambo hilo huwashangaza wengi, lakini lina mantiki: mafuta yaliyokosa ghala lake la kawaida hutafuta pa kukaa, na ini ni miongoni mwa mahali pa kwanza yanapokimbilia.

SWALI: Ninasomea kazi ya maabara ya hospitali. Katika vipande vya ini vilivyopakwa rangi tunaambiwa tuangalie mafuta, lakini mimi huona mashimo meupe tu. Mafuta yenyewe yako wapi?

JIBU: Yalimwagwa pamoja na alkoholi. Ili kipande cha tishu kigandishwe kwenye nta na kukatwa vizuri, lazima kwanza kikaushwe maji kwa alkoholi na kusafishwa kwa zailini, na vimiminika hivyo viwili huyeyusha mafuta yakaondoka yote. Unachokiona ni nafasi yaliyokuwamo. Ndiyo maana mashimo ya mafuta huwa ya duara lenye kingo safi, tofauti na weupe wa glaikojeni (akiba ya wanga ya ini), ambao hauna umbo la namna hiyo na ambao unaweza kuuthibitisha kwa rangi ya PAS.

Ukitaka kuyaona mafuta yenyewe, kipande kikatwe kikiwa kimegandishwa kwa baridi, bila kupitia alkoholi kali wala zailini, kisha kipakwe rangi inayopenda mafuta kuliko maji. Sudan III ilianza kutumika mwaka 1896, na Oil Red O, ambayo hutoa wekundu ulio wazi zaidi, ndiyo inayopatikana katika maabara nyingi leo. Kwa seli zilizokuzwa maabara kuna rangi zinazong'aa chini ya hadubini ya mwanga maalumu, kama Nile red na BODIPY 493/503. Ninakuonya juu ya kosa moja ambalo hata waliobobea hulifanya: sabuni ya Triton X-100, inayotumiwa kutoboa seli ili kingamwili ziingie, huvuruga uso wa matone na kuziondoa protini zake. Saponini au dijitonini, kwa kipimo kidogo, huharibu kidogo zaidi.

Zingatia pia ukubwa. Tone moja kubwa lililosukuma kiini cha seli kando ni picha ya kawaida kwa mtu mwenye uzito mkubwa au kisukari. Vitone vidogo vingi vilivyojaza seli huku kiini kikibaki katikati ni habari nyingine, nayo mara nyingi ni ya dharura: huonekana katika ini la mafuta la ghafla la ujauzito, katika ugonjwa wa Reye (ugonjwa nadra wa ghafla wa ini na ubongo, hasa kwa watoto) na katika sumu ya baadhi ya dawa, ikiwemo valproati, dawa ya kifafa. Hapo mara nyingi tatizo liko kwenye mitokondria, ambazo zimeshindwa kuyachoma mafuta.

SWALI: Nilifanyiwa ultrasaundi kwa sababu nyingine nikaambiwa nina mafuta kwenye ini. Situmii pombe, na kwa miaka kadhaa nimepunguza sana mafuta katika chakula changu. Haya yametoka wapi? Je, nisile mafuta kabisa?

JIBU: Ndugu msomaji, chakula chenye mafuta ni chanzo kimojawapo tu, na kwa kawaida si kikubwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambayo binafsi naiona kuwa miongoni mwa kazi nadhifu zaidi katika uwanja huu. Waliwapa watu 9 wenye ini la mafuta virutubisho vilivyotiwa alama kwa isotopu zisizo na mionzi, alama tofauti kwa kila chanzo, kwa siku kadhaa kabla ya kuchukuliwa vipande vya ini. Kisha wakahesabu alama zilizokutwa ndani ya trigliseridi za ini. Takriban asilimia 59 ya mafuta yalikuwa yametoka kwenye asidi za mafuta zinazozunguka katika damu, ambazo sehemu kubwa huachiliwa na tishu ya mafuta ya mwili. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana na wanga na sukari. Asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Watu 9 ni wachache, lakini mpangilio huo wa vyanzo umebaki kuwa dira ya tafiti zilizofuata.

Kwa hiyo mtu anaweza kujinyima mafuta na bado ini likajaa. Insulini isipofanya kazi ipasavyo, tishu ya mafuta huendelea kuachilia asidi za mafuta hata wakati wa kula, ilhali ini huendelea kutengeneza mafuta mapya kutokana na sukari, na fruktosi ya vinywaji vitamu huchochea kazi hiyo hasa.

Ini lenye afya nalo lina mafuta kidogo. Wataalamu huliita ini la mafuta pale matone yanapoonekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake. Ultrasaundi huweza kuyakosa mafuta yakiwa chini ya takriban asilimia 20, kwa hiyo kama yako yameonekana waziwazi, hayakuanza juzi. Hata hivyo, swali muhimu zaidi la kumpelekea daktari wako halihusu wingi wa mafuta. Muulize kama kuna makovu, kwa sababu makovu ndiyo yanayotabiri vizuri zaidi hatari ya baadaye. Kuna hesabu iitwayo FIB-4, inayotumia umri wako, vimeng'enya 2 vya ini na idadi ya chembe sahani za damu, ambayo daktari anaweza kuifanya kwa vipimo vya kawaida kabisa. Kama una uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 ya uzito wa mwili kwa kawaida hupunguza mafuta ya ini, na kupunguza asilimia 7 hadi 10 husaidia kupunguza hata uvimbe wa ini. Mafuta ya chakula usiyakate yote.

SWALI: Nimeanza shahada ya uzamili. Msimamizi wangu amenipa mradi wa kulisha seli za HepG2 (seli za ini zinazokuzwa maabara) asidi ya oleiki, ambayo ni aina ya asidi ya mafuta, kuzipaka rangi na kuhesabu matone, kisha kuona kama dondoo la mmea fulani linapunguza idadi yake. Je, kazi hii inatosha kusema kwamba dondoo hilo linazuia uhifadhi wa mafuta?

JIBU: Haitoshi, na ni bora uambiwe sasa kuliko siku ya kuitetea tasnifu yako.

Fikiria mtu anayeingia ghalani jioni, akakuta magunia 50 mahali palipokuwa na 80 asubuhi, akaandika kwamba magunia yamezuiwa kuingia. Anajuaje? Huenda yaliingia mengi na yakatoka mengi zaidi. Huenda mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Huenda ghala lenyewe linaungua. Kuhesabu matone ni kuhesabu magunia ya jioni. Mafuta katika seli ya ini hayatulii hata saa moja: mengine yanafungwa kuwa trigliseridi, mengine yanafunguliwa, mengine yanachomwa ndani ya mitokondria, na mengine yanapakiwa katika chembe za VLDL, yaani vifurushi vya kusafirishia mafuta, na kutolewa kwenye damu. Dondoo lako likipunguza matone, linaweza kuwa limegusa njia yoyote kati ya hizo, au limeziua seli tu. Hili la mwisho ni la kawaida kuliko wengi wanavyopenda kukiri, kwa hiyo kipimo cha uhai wa seli kiwe cha kwanza, si kiambatisho.

Kuitenganisha mito hii miwili, unaoingia na unaotoka, si kazi ngumu sana. Tumia asidi ya mafuta yenye alama, iwe ya mionzi au ya isotopu thabiti, uipe seli kwa muda mfupi, kisha upime ni kiasi gani cha alama kimeingia kwenye trigliseridi. Huo ndio mwendo wa kuhifadhi. Ili kupima mwendo wa kufungua, jaza seli kwanza, ondoa asidi ya oleiki kwenye kimiminika, weka triasini C, ambayo huzuia asidi za mafuta zisiamilishwe na kurudishwa ghalani, kisha fuatilia trigliseridi zinavyopungua kwa saa kadhaa. Ukipata tofauti hapo, uliza ni mlango upi. Kimeng'enya ATGL, kilichogunduliwa mwaka 2004, hukata asidi ya kwanza kutoka kwenye trigliseridi juu ya uso wa tone. Lakini mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli ya ini pia huyakamata mafuta ya matone na kuyapeleka kuyeyushwa ndani ya lisosomu, kiungo cha seli kinachovunjavunja vitu. Na jihadhari na jambo linalowapotezea wanafunzi miezi mizima: kizuizi kinachouzwa kwa jina la Atglistatin huzuia ATGL ya panya, si ya binadamu. Ukikitumia kwenye HepG2 usipate kitu, tatizo si mikono yako.

Hiyo inanileta kwenye seli zenyewe. HepG2 zilitokana na uvimbe wa saratani ya ini na zimetumika tangu miaka ya 1970. Zina faida ya kupatikana na kukua kirahisi, ila zina kasoro mbili zinazogusa mada yako moja kwa moja. Kwanza, hazitoi VLDL iliyojaa mafuta kama seli halisi ya ini, kwa hiyo mlango mmoja wa kutokea umefungwa nusu kabla hujaanza. Pili, nakala zake zote mbili za jeni ya PNPLA3 zina badiliko linaloitwa I148M. Badiliko hilo, lililotambuliwa mwaka 2008 na kundi la Helen Hobbs na Jonathan Cohen, ndilo badiliko la kijeni la kawaida linaloongeza zaidi hatari ya ini la mafuta kwa binadamu. Protini iliyobadilika hurundikana juu ya matone na kumnyima ATGL msaidizi wake, CGI-58. Kwa maneno mengine, unachunguza ghala ambalo kufuli yake imekwama. Simaanishi uzitupe seli hizo. Ninachomaanisha ni kwamba matokeo yoyote muhimu uyarudie katika seli za ini zilizotolewa moja kwa moja kwenye tishu, hata kama ni mara chache.

Mwisho, asidi ya oleiki peke yake ni mafuta mapole. Seli huifunga upesi kuwa trigliseridi na kuendelea na maisha. Asidi ya palmitiki hufungwa kwa shida, na seli nyingi zikipewa hiyo pekee hufa. Kazi iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba ukiongeza oleiki juu ya palmitiki, seli huokoka, kwa sababu palmitiki nayo hupata kufungwa ndani ya matone. Matone yaliongezeka na seli zikapona. Weka sentensi hiyo karibu na meza yako unapotafsiri grafu zako, kwa kuwa dondoo linalopunguza matone si lazima liwe limeitendea seli wema.

SWALI: Kama kupungua kwa matone si lazima kuwe kwema kwa seli, mbona wanatafuta dawa za kuzuia mafuta yasihifadhiwe kwenye ini? Na je, ni seli za ini tu zinazohifadhi mafuta humo?

JIBU: Sehemu ya kwanza inagusa jibu lililotangulia. Katika panya wanene waliopewa chakula kisicho na methionini wala kolini, kuzuiwa kwa DGAT2, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyokamilisha trigliseridi, kulipunguza trigliseridi za ini lakini kukaongeza asidi huru za mafuta, uvimbe na makovu. Matokeo hayo ya mwaka 2007 yaliwatia wengi wasiwasi. Ila chakula hicho ni kikali mno, na majaribio ya baadaye ya kuzuia kimeng'enya hicho kwa binadamu yamepunguza mafuta ya ini, kwa hiyo njia haijafungwa. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kuziba mlango wa kutokea: lomitapidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa aina nadra ya kolesteroli nyingi ya kurithi, huzuia VLDL isipakiwe, kolesteroli ya damu ikashuka na mafuta ya ini yakapanda. Resmetiromu, iliyoidhinishwa huko mwezi Machi 2024 kwa watu wenye uvimbe wa ini unaotokana na mafuta na makovu ya wastani au makubwa, haigusi ghala lenyewe. Huamsha kipokezi cha homoni ya thairoidi ndani ya ini, na ini likachoma mafuta zaidi.

Kuhusu sehemu ya pili, zipo seli nyingine. Kando ya seli za ini, katika upenyo mwembamba unaozitenga na mishipa midogo ya damu, kuna seli zenye umbo la nyota ambazo Carl von Kupffer alizieleza mwaka 1876 na ambazo Toshio Ito alizirudia miaka ya 1950 akiziita seli za kuhifadhi mafuta. Matone yake yana vitamini A, na sehemu kubwa ya akiba ya vitamini hiyo mwilini imo humo. Ini likiumia kwa muda mrefu, seli hizo hupoteza matone yake na kuanza kutengeneza makovu. Basi ukipaka ini lenye afya rangi ya mafuta na kuona vitone vidogo vilivyojibanza pembeni, kabla hujaviandika kuwa ni mwanzo wa ini la mafuta, kitazame kipande kingine kisichopakwa rangi chini ya mwanga wa urujuanimno: vitamini A hung'aa yenyewe, na baada ya muda mfupi hufifia.